Tanga la Ujiji

Mwezi wa Machi mwaka 1858, Mwingereza John Hanning Speke, ambaye macho yake yalikuwa yameharibika kwa ugonjwa hata akawa haoni vema, alivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi akitafuta kitu kimoja tu: jahazi. Yeye na mwenzake Richard Burton walikuwa wamefika Ujiji mwezi uliotangulia. Huko walipata habari kwamba Shehe Hamed bin Sulayyim, mfanyabiashara aliyekuwa na makao katika kisiwa cha Kasenge karibu na pwani ya magharibi, alikuwa na jahazi la pekee lililoelea katika ziwa hilo. Speke alifika Kasenge, akangoja, na siku moja akaliona jahazi lenyewe likija na tanga lake jeupe. Lilimpendeza mno, hata katika maandishi yake akalifananisha na ndege mweupe wa majini. Hata hivyo hakulipata. Shehe alimkubalia kwa maneno mazuri, lakini mabaharia wake walihitajika kwa safari ya pembe za ndovu, na mgeni angepaswa kungoja yapata miezi mitatu. Speke akarudi Ujiji kama alivyokwenda, kwa nguvu za makafi ya wenyeji.

Kisa hiki hutajwa katika vitabu kuwa sehemu ya habari za wavumbuzi wa Kizungu, nacho hupitwa haraka, kwa kuwa Speke hakuvumbua lolote katika safari ile. Sisi tunaochunguza utamaduni wa watu wa magharibi ya nchi yetu tuna sababu ya kukitazama kwa makini zaidi. Yafaa tuulize kwa nini mwaka ule jahazi lilikuwa moja tu katika ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 650, ilhali wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kukaa Ujiji kwa miaka kadhaa. Tena yafaa tuulize ni tanga la namna gani lililofaa maji yale, na ni nani aliyeamua. Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba Waarabu na Waswahili walileta matanga Tanganyika, na jambo likaishia hapo. Maneno hayo ni ya kweli, lakini ni nusu ya habari. Tanga lilitoka pwani, ila pwani haikuwa na uwezo wa kuliamulia ziwa lipokee tanga gani.

Kwanza tueleze maana ya kuchagua tanga, kwa sababu msomaji aliyelelewa mbali na maji huweza kudhani kwamba tanga ni kitambaa kinachoning'inizwa mlingotini, basi. Nahodha wa pwani hafikiri hivyo. Majahazi ya Bahari ya Hindi yalikuwa yakichukua matanga mawili au matatu ya ukubwa mbalimbali: kubwa la kukamata upepo mwanana, na dogo la wakati ambapo kusi inavuma kwa ukali. Tanga la jahazi hufungwa katika foromali ndefu inayopanda kwa kuinama, mbele chini na nyuma juu; nalo si rahisi kulipunguza likiwa limekwisha kutwekwa. Upepo ukizidi, hapana budi kulitua na kulibadilisha. Na chombo kinapogeuzwa upande, foromali nzima huzungushwa mbele ya mlingoti, kazi inayotaka mikono mingi na watu wanaoelewana. Kwa hiyo kabla ya kukata kitambaa, mwenye chombo hujiuliza: chombo changu kina upana gani? Kina mkuku wa kukizuia kisisukumwe kwa ubavu? Nitasafiri na watu wangapi, nao wana ujuzi gani? Upepo wa njia yangu huja kutoka wapi?

Pwani yenyewe ilitoa majibu mengi kwa maswali hayo. Mtepe, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba badala ya kupigiliwa misumari, ulitumia tanga la mraba lililosukwa kama mkeka. Jahazi, lenye tumbo pana na mkuku, lilichukua tanga kubwa ambalo pembe yake ya mbele imekatwa likabaki na ukingo mfupi upande wa joshi. Ngalawa ni mti mmoja uliochongwa, mwembamba, ambao ungepinduka mara moja kwa tanga lake kama usingewekewa ndubi mbili, moja kila upande. Katika vyombo hivi vyote tanga na umbo la chombo vilikua pamoja, kila kimoja kikimsahihisha mwenzake. Huwezi kulichukua tanga la jahazi ukaliweka juu ya ngalawa na kutumaini kurudi nyumbani.

Sasa tulitazame ziwa. Tanganyika ni bonde refu lililojaa maji, lenye upana wa kilomita 50 hivi, na kina chake hupita mita 1,400. Limelazwa kutoka kusini kwenda kaskazini, na milima imesimama pande zote mbili. Wakati wa kiangazi, tangu Mei hata Septemba, upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu ukifuata urefu wa bonde. Anayetoka Ujiji kwenda Uvira wakati huo husukumwa kwa nyuma. Anayerudi hukabiliana na upepo huo huo usoni mwake. Wakati wa mvua pepo ni nyepesi na hazitabiriki, lakini dhoruba huweza kuzuka kwa ghafla pamoja na radi, na baada ya saa moja maji yakatulia tena kana kwamba hapakutokea jambo. Zaidi ya hayo kuna pepo za kila siku zinazoshuka milimani usiku na kupanda mchana. Katika bahari, baharia wa Zanzibar aliweza kuweka tanga lake mwezi mmoja akijua upepo utakavyokuwa mwezi mzima. Hapa ilimbidi afikiri kwa saa.

Wajiji na majirani zao walikuwa wamelifikiria ziwa hili kwa muda mrefu, na jibu lao lilikuwa mtumbwi mrefu wa makafi. Miti mikubwa ilitoka Ugoma, katika milima ya ng'ambo ya magharibi, ambako mvule uliota kwa unene wa kutosha. Mafundi wa huko walichonga mti mzima, na vyombo vikauzwa ng'ambo, Ujiji. Mtumbwi mkubwa aliopanda Burton kwenda Uvira mwezi wa Aprili mwaka ule wa 1858 ulikuwa na urefu wa karibu futi 60 na upana wa futi 4 tu. Vipimo hivyo vina sababu yake. Urefu hutoa nafasi ya wapiga kafi wengi. Wembamba huwawezesha wote kuyafikia maji bila kunyoosha mwili. Wala tusisahau bandari. Ujiji haikuwa na ghuba ya kujificha kama ile ya Kigoma. Ilikuwa ufuko ulio wazi, na chombo kilipaswa kuvutwa juu ya mchanga kila kilipofika. Chombo chenye mkuku mrefu kingetaabika hapo. Kisicho na mkuku huvutwa kwa urahisi, lakini majini huteleza kwa ubavu mara upepo unapokipiga upande mmoja, na hakiwezi kubisha.

Mwanafunzi wa fizikia atafahamu jambo lililosalia. Uwezo wa chombo kukataa kupinduka huongezeka haraka zaidi kuliko upana wake wenyewe. Chombo cha futi 4 hakichukui nusu ya tanga la chombo cha futi 8; huchukua pungufu ya hapo. Watu wa pwani walilitatua tatizo hilo kwa ndubi. Watu wa Tanganyika hawakuzichukua ndubi, na kwa maoni yangu walikuwa na haki. Ndubi huzuia makafi, nao hawakuwa tayari kuyaacha makafi yao kwa ajili ya kitu kisichoaminika kama upepo wa masika.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo, ambacho ni kazi na malipo. Burton amejaza kurasa nyingi kwa malalamiko juu ya Kannena, mkuu wa Kawele, na watu wake: kwamba walidai bei kubwa, kwamba walitaka kulipwa kabla ya safari, kwamba walisimama walipotaka na kuondoka walipotaka. Tukiyasoma maneno hayo bila kuvaa macho ya Burton, tunaona watu huru waliojua thamani ya ujuzi wao. Mgeni asiyekuwa na chombo wala ujuzi wa maji alikuwa mikononi mwao. Ndiyo maana jahazi la Kasenge lilitamaniwa sana. Tanga lilikuwa njia ya kutohitaji makafi hamsini. Lakini Speke aligundua, ingawa hakuyaandika kwa maneno haya, kwamba jahazi bila mabaharia wake ni mbao na kitambaa tu, na mabaharia wa tanga walikuwa adimu kuliko wapiga kafi. Aliukimbia mlango mmoja wa mapatano akaukuta mwingine.

Kulikuwa na kizuizi kingine ambacho wanahistoria hawakitaji sana: bei ya tanga lenyewe. Kitambaa kizito cha matanga, marudufu, hakikufumwa Ujiji. Kilichofika kwa wingi ni merikani, pamba isiyopaushwa iliyotoka viwanda vya Marekani. Kila jora lilikuja kichwani au begani mwa mpagazi kutoka Bagamoyo, safari ya miezi mitatu au zaidi, katika mzigo wa yapata frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Na merikani haikuwa kitambaa tu, ilikuwa fedha. Kwa doti na shuka mtu alinunua chakula, alilipa hongo, alilipa wapagazi. Tufanye hesabu ya darasani. Tuseme tanga dogo lina eneo la yadi za mraba 40. Merikani ilikuwa na upana wa yadi moja hivi, basi litahitaji yadi 40 za kitambaa, bila kuhesabu mishono. Doti moja ni yadi 4. Hizo ni doti 10. Kwa kuwa merikani ni nyepesi, tukiikunja mara mbili ili isichanike, zinakuwa doti 20. Hiyo ni mali iliyotundikwa angani, ambayo jua na mvua huila kila siku. Mfanyabiashara aliyetaka tanga la ukubwa wa jahazi kamili alipaswa kuwa na hakika kwamba pembe zitakazovushwa zitalipa.

Baada ya miaka kama ishirini mambo yalikuwa yamebadilika, lakini hayakubadilika kwa namna ambayo Speke angetazamia. Majahazi hayakuufukuza mtumbwi. Wasafiri waliopita Ujiji katika miaka ya 1870 waliyakuta majahazi machache ya wakubwa wa biashara, na kando yake mitumbwi ile ile ya mvule kutoka Ugoma, ambayo mingine sasa ilikuwa imeinuliwa ubavu kwa mbao na kuwekewa mlingoti. Luteni Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la wanamaji, aliizunguka sehemu ya kusini ya ziwa mwaka 1874 kwa mashua mbili alizoziita Betsy na Pickle, na katika safari hiyo akauona mto Lukuga. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa zima kwa siku 51, yeye akiwa katika mashua yake Lady Alice iliyoletwa vipande vipande kutoka Uingereza, na wenzake katika mtumbwi ulioitwa Meofu. Mtumbwi huo aliazimwa na Mwinyi Kheri, mtu wa asili ya pwani aliyekuwa mkubwa wa Ujiji na aliyeoa katika ukoo wa wakuu wa nchi. Mtu mwenye uwezo wa Mwinyi Kheri, aliyelijua tanga la pwani tangu utotoni, aliendelea kutumia chombo kilichochongwa Ugoma.

Huo ndio uchaguzi ninaotaka msomaji auone. Tanga la mtumbwi wa Ujiji lilikuwa msaidizi wa kafi. Lilitwekwa upepo ulipokuwa nyuma ya chombo, likatuliwa ulipogeuka. Foromali ilipaswa kuwa nyepesi kiasi cha kuangushwa mara moja dhoruba ilipoonekana ikishuka mlimani. Mizigo iliyolala ndani ilifanya kazi ya farumi. Ubavu ulioinuliwa uliwazuia mawimbi, na daima alikuwapo mtu wa kukumba maji kwa upo, kwa sababu kiungo cha mbao na gogo huvuja hata kikitiwa kalafati. Kupiga bisha dhidi ya kusi ya ziwa kwa chombo kisicho na mkuku ni kupoteza siku. Makafi kando ya ufuko yalimfikisha mtu mapema zaidi. Wageni waliwalaumu mabaharia wa Ujiji kwa kuambaa pwani na kuogopa maji makuu. Lawama hiyo imetoka kwa watu waliozoea mikuku. Katika rasi ya Kabogo, mahali ambapo wengi waliliacha ufuko wa mashariki ili kuvuka, mabaharia walitoa sadaka ya shanga kwa mzimu wa hapo kabla ya kuendelea. Tunaweza kuiita desturi hiyo imani. Tunaweza pia kutambua kwamba iliwalazimisha watu kusimama na kulitazama anga mahali panapostahili hasa kusimama.

Haifai kulisifu tanga hilo bila kusema lilibeba nini. Lilivusha pembe, chumvi, mawese, samaki wakavu na nafaka. Na kutoka pwani ya Manyema na Marungu lilivusha watumwa kuja Ujiji, ambao kwa kuwa walishonana ndani ya mitumbwi hawakuwa na pa kukimbilia ila majini. Chombo kilicho na tanga kiliweza kuchukua wengi zaidi kwa wapiga kafi wachache zaidi. Katika hesabu ya mwenye mali, kila kafi lililopunguzwa lilikuwa nafasi ya mtu mwingine wa kuuzwa. Faida ya upepo ilikuwa na watu waliyoilipia.

Aliyelitafakari tanga la Tanganyika kwa akili ya baharia kuliko mgeni mwingine yeyote alikuwa Edward Hore wa misheni ya London, aliyefika Ujiji mwezi wa Agosti 1878. Chombo chake cha kwanza alikiita Calabash, yaani kibuyu, na jina hilo latuonyesha alivyokiona. Baadaye misheni ilileta mashua ya chuma, Morning Star, iliyokokotwa vipande vipande juu ya mikokoteni tangu pwani ya Saadani na kushushwa majini mwaka 1883. Kisha Good News, chombo cha milingoti miwili kilichoshushwa upande wa kusini mwaka 1885. Good News ilikuwa na mtambo wa mvuke, lakini waliojenga hawakuthubutu kuiacha bila matanga. Matanga ya vyombo hivi vya Kizungu yalitofautiana na ya jahazi kwa jambo moja la maana: tanga la nyuma ya mlingoti huweza kufungwa chini likapunguzwa huku chombo kinaendelea, bila kubadilisha foromali. Kwa ziwa lenye upepo wa saa moja, hiyo ni nafuu kubwa. Lakini nafuu hiyo iliambatana na chombo cha chuma, mkuku, kapi na nahodha aliyesomea kazi yake, vitu ambavyo mvuvi wa Ujiji hakuwa navyo. Uchaguzi wa Hore ulimfaa Hore.

Ufuko wa Ujiji nao haukukaa ulivyokuwa. Cameron aliona Lukuga umejaa majani, na maji yake yakitiririka polepole. Lakini mwaka 1879 Hore aliyakuta yakitoka kwa nguvu kuelekea Kongo. Katika miaka iliyofuata kina cha ziwa kilishuka yapata mita kumi. Mahali palipokuwa maji pakawa mchanga, na mchanga ukawa mashamba. Mgeni anayezuru leo ukumbusho wa Livingstone pale Ujiji hushangaa kuona maji yako mbali. Wajerumani walipoweka kituo chao Ujiji mwaka 1896 hawakukawia kutambua kwamba meli kubwa zingehitaji ghuba ya Kigoma, na huko ndiko reli ya kati ilikoishia mwaka 1914.

Habari za meli zinajulikana: Graf von Götzen iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa na wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Meli ziliwanyang'anya matanga shehena nzito. Hazikuwanyang'anya vijiji, kwa kuwa meli haisimami kila kijiji, na mvuvi hangoji ratiba. Tanga dogo liliendelea katika kazi hizo ndogo hadi mashine ya kufungwa nyuma ya mashua ilipowafikia watu wa kawaida.

Mwalimu wa Kigoma anaweza kuwapeleka wanafunzi wake Kibirizi asubuhi moja, wakazitazame mashua za mbao zinazopakia abiria na mizigo ya vijiji vya kaskazini. Zimejengwa kwa mbao na mataruma, si kwa gogo, na hii ni kazi ya mafundi waliojifunza kutoka kwa jahazi. Lakini ni ndefu na nyembamba. Mashine haihitaji upana wala mkuku mrefu. Inapenda urefu, kama walivyoupenda wapiga kafi. Mlingoti umeondoka. Kama Kannena angefufuka akasimama ufukoni, angezitambua mashua hizi upesi kuliko Shehe Hamed bin Sulayyim, na bila shaka angeanza kuuliza nauli.